Nani ana haki ya kuimba kantri? Visa vitatu vya mwaka 2024

Mwombe mtu wa makamo pale Nakuru, Arusha au Kampala akutajie waimbaji wa kantri, na huenda jina la kwanza likawa Kenny Rogers, la pili Dolly Parton, la tatu Jim Reeves. Kenny hasa: ndevu za mvi, sauti yenye mkwaruzo, na ule wimbo wa mcheza karata ambao hata asiyejua Kiingereza anaitikia kiitikio chake. Kwa wengi wetu huyo ndiye kantri yenyewe.

Ila Kenny Rogers alikuwa mhamiaji. Mtoto huyo wa Houston, Texas, alianza kwa kupiga besi katika kundi la jazz, akapitia kundi la nyimbo za folk, na mwaka 1968 alikuwa mwimbaji wa First Edition, bendi ya roki iliyotamba na wimbo wa mauzauza ya dawa za kulevya. Bendi ilipovunjika akaenda Nashville, mji ambao ndio kitovu cha kantri, akafanya kazi na prodyuza Larry Butler, na mwaka 1977 "Lucille" ukampa tuzo ya singo bora ya Chama cha Muziki wa Kantri, CMA. Mwaka 1980 alishika namba moja ya kantri na ya pop kwa pamoja akiimba "Lady", utunzi wa Lionel Richie, aliyekuwa bado katika kundi la soul la Commodores. Mwaka 1983 wimbo wake na Dolly Parton, "Islands in the Stream", ulitungwa na Bee Gees, wale wale wa disko.

Nimeanzia huko kwa sababu mjadala uliolipuka Marekani mwaka 2024 ulikuwa na sauti ya mshtuko, kana kwamba hakuna mtu wa pop aliyewahi kuhamia kantri kabla ya hapo. Usiku wa Super Bowl, fainali ya soka la Kimarekani, Februari 11, Beyoncé alitoa "Texas Hold 'Em", na Machi 29 ikafuata albamu yake Cowboy Carter. Aprili akajitokeza Shaboozey, kijana wa Virginia ambaye wazazi wake ni Wanigeria, na "A Bar Song (Tipsy)", ngoma iliyojengwa juu ya wimbo wa hip hop wa J-Kwon wa mwaka 2004. Mei, Post Malone, ambaye jina lake lilitokana na rap na pop, akatoa "I Had Some Help" pamoja na nyota wa kantri Morgan Wallen, na Agosti 16 ikatoka albamu F-1 Trillion.

Nyimbo hizo tatu zote zilifika namba moja kwenye Hot 100, chati kuu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Wa Shaboozey ulikaa kileleni wiki 19, ukalingana na rekodi iliyokuwapo. Septemba, CMA ilipotangaza wateule wa tuzo zake, Post Malone alitajwa mara 4, Shaboozey mara 2, Beyoncé hakutajwa hata mara moja. Miezi mitano baadaye, Februari 2025, Grammy, tuzo kubwa za muziki wa aina zote Marekani, zilimpa Beyoncé tuzo ya albamu bora ya kantri, na juu yake albamu bora ya mwaka kwa muziki wote.

Inakuwaje albamu moja iwe bora kuliko zote mahali pamoja, na mahali pengine isistahili hata kutajwa? Jibu la haraka ni ubaguzi wa rangi. Ubaguzi umo, na nitaufikia. Lakini ukiishia hapo utashindwa kumweleza Shaboozey, ambaye ni mweusi kama Beyoncé. Inabidi kwanza tuangalie mitambo inavyofanya kazi.

Chati mbili

Billboard ina chati mbili kubwa za nyimbo za kantri, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza, Hot Country Songs, hadi mwaka 2012 ilihesabu kitu kimoja tu: wimbo umepigwa kiasi gani kwenye redio za kantri. Oktoba mwaka huo kanuni zikabadilika. Sasa inajumlisha usikilizaji wa mtandaoni, mauzo, na kupigwa kwenye redio za aina zote, ziwe za kantri, za pop au nyingine. Wimbo ukishakubaliwa na Billboard kuwa ni wa kantri, mashabiki wa pop wanaweza kuubeba hadi juu bila redio moja ya kantri kuugusa. Taylor Swift alikuwa wa kwanza kufaidika: kanuni zilipobadilika, wimbo wake wa pop wa wakati huo uliruka hadi namba moja papo hapo. Baadaye Bebe Rexha, mwimbaji wa pop wa New York, alikaa kileleni wiki 50 na wimbo alioimba na kundi la Florida Georgia Line.

Chati ya pili ni Country Airplay. Hii imebaki na kazi ya zamani: redio za kantri tu.

Sasa mtazame Beyoncé kwenye zote mbili. "Texas Hold 'Em" ulimfanya mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza Hot Country Songs. Kwenye Country Airplay wimbo huo huo uliishia namba 33. "I Had Some Help" na "A Bar Song" zilifika namba moja kwenye zote mbili. Ukitaka kujua umma unasikiliza nini, soma chati ya kwanza. Ukitaka kujua nani amekaribishwa, soma ya pili. Magazeti mengi mwaka ule yaliandika kwamba Beyoncé "ameiteka kantri" kwa kusoma ya kwanza peke yake.

Neno "ukishakubaliwa" hapo juu nalo si dogo. Machi 2019, Lil Nas X, kijana wa Georgia aliyenunua biti mtandaoni kwa dola 30, aliingia Hot Country Songs akiwa namba 19 na "Old Town Road". Billboard ikauondoa wimbo, ikisema hauna vionjo vya kutosha vya kantri ya siku hizi. Mtu aliyewahi kusikia kantri ya siku hizi, yenye biti za hip hop na kuimba kwa mtindo wa rap, alibaki akijiuliza vionjo gani hivyo. Billy Ray Cyrus, mkongwe wa kantri, akashirikishwa kwenye toleo jipya, na wimbo ukakaa wiki 19 juu ya Hot 100. Ndiyo rekodi ambayo Shaboozey alikuja kuifikia.

Redio ndiyo yenye funguo

Msikilizaji wa kwetu, aliyezoea wimbo kupaa kwa TikTok na YouTube hadi redio ikaukimbilia, anaweza kushangaa kwamba redio bado ina nguvu hivyo. Katika kantri inayo. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki kote nchini, na kampuni chache, kama Clear Channel ambayo leo ni iHeartMedia, na Cumulus, zikakusanya mamia ya vituo. Maamuzi ya orodha za nyimbo yakaishia kwa watu wachache. Wimbo wa kantri hupanda polepole, baadhi huchukua karibu mwaka mzima kufika juu, na safari hiyo huendeshwa na lebo: wafanyakazi wake kuwapigia simu wakurugenzi wa vipindi, na msanii mwenyewe kuzunguka kituo hadi kituo na gitaa lake, kuimba kwenye chumba cha mikutano, kula chakula cha mchana na wenyeji, kupiga picha. Anayetoka nje anatarajiwa kunyenyekea kidogo. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote, lakini kila mtu Nashville anaijua.

Siku chache baada ya "Texas Hold 'Em" kutoka, msikilizaji mmoja wa Oklahoma aliomba wimbo huo kwenye kituo cha KYKC cha mji wa Ada. Akajibiwa kwamba hawapigi nyimbo za Beyoncé kwa kuwa wao ni kituo cha kantri. Jibu likasambaa, barua pepe na simu zikamiminika, na kituo kikaupiga wimbo siku hiyo hiyo. Kwa haki, kituo kidogo cha mji mdogo kinafuata chati na kile ambacho lebo zimekipelekea, na uongozi wake ulieleza kwamba haukuwa na habari kuwa Beyoncé ametoa wimbo wa kantri. Namwamini aliyesema hivyo. Ila ndiyo shida yenyewe: jina la msanii lilitosha kujibu swali kabla ya wimbo kusikilizwa.

Redio hizo haziwafungii weusi peke yao. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio za kantri alivishauri vituo hadharani visipige nyimbo nyingi za wanawake, akasema wanaume ndio majani ya saladi na wanawake ni nyanya za kupambia tu. Wakamcheka, wakamlaani, na orodha za nyimbo zikaendelea karibu vilevile.

Jinsi Post Malone alivyoingia

Post Malone alizaliwa jimbo la New York na kukulia Grapevine, Texas. Namna alivyohamia kantri inafaa kusomwa kama somo la siasa. Novemba 2023, kabla hajawa na wimbo hata mmoja wa kantri, alipanda jukwaa la tuzo za CMA pamoja na Morgan Wallen na Hardy kuimba nyimbo za marehemu Joe Diffie, nyota wa miaka ya 1990. Aprili 2024 kwenye tamasha la Stagecoach, California, aliimba nyimbo za kantri za watu wengine. Hakuwa na cha kuuza bado. Alikuwa akiwaonyesha wenyeji kwamba nyimbo zao anazijua kwa moyo. Siku mbili kabla ya albamu kutoka alitumbuiza kwenye Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoanza mwaka 1925 na ambacho hadi leo ndicho baraza la wazee wa muziki huu.

Kisha ikaja albamu yenyewe. F-1 Trillion ilitengenezwa Nashville, na orodha ya walioshirikishwa inasomeka kama ya wageni wa heshima harusini: Tim McGraw, Hank Williams Jr., Dolly Parton, Brad Paisley, Luke Combs, Chris Stapleton, Lainey Wilson, Blake Shelton na wengineo. Nyuma yao wapo watunzi. Nashville ni mji wa watunzi wanaokutana watatu watatu asubuhi, wakiwa wamepangiana saa kama wa ofisini, kuandika wimbo kabla ya chakula cha mchana. Ashley Gorley, mmoja wa walioandika "I Had Some Help", ana zaidi ya nyimbo 70 zilizofika namba moja, na nje ya mji ule wachache wanamtambua kwa sura. Post Malone alipoleta kazi yake kwa watu hawa, mafanikio yake yakawa mkate wao pia. Mtunzi anapata mrabaha, mpiga gitaa analipwa, msanii aliyeshirikishwa anapata wasikilizaji wapya. Wanachama wa CMA wanaopiga kura ni watu wa tasnia, nao wengi wao ni hawa hawa.

Hata hivyo kukaribishwa kuna mipaka. Usiku wa tuzo, Novemba 2024, Post Malone aliondoka bila tuzo hata moja kati ya nne alizotajwa.

Beyoncé hakubisha hodi

Beyoncé alizaliwa Houston, mji ule ule wa Kenny Rogers, penye rodeo kubwa kila mwaka, mashindano ya wachunga ng'ombe, ambako aliwahi kutumbuiza. Mwaka 2016 aliingiza wimbo wa kantri, "Daddy Lessons", katika albamu yake ya Lemonade, akauimba jukwaani kwenye tuzo za CMA na kundi la Chicks. Sehemu ya watazamaji ilichukia, mitandaoni ikamwagika kejeli. Kamati ya Grammy ya kantri nayo iliukataa wimbo huo usishindane katika kundi lake. Machi 2024 aliandika kwamba Cowboy Carter ilizaliwa na tukio la miaka kadhaa nyuma ambapo alihisi wazi kwamba hatakiwi. Hakutaja tukio gani. Hakukuwa na haja.

Kwa hiyo hakuja kuomba. Hakuzungukia vituo vya redio. Alisema wazi kuwa hii si albamu ya kantri, ni albamu ya Beyoncé. Aliwaalika wenyeji, kweli, lakini kwa masharti yake. Willie Nelson na Dolly Parton wamo, na Rhiannon Giddens, mtafiti na mpiga banjo, ndiye anayesikika mwanzoni mwa "Texas Hold 'Em". Wamo pia wanawake wanne weusi waliokuwa wakihangaika Nashville, Tanner Adell, Brittney Spencer, Tiera Kennedy na Reyna Roberts. Na yumo Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Opry, mwaka 1969, ambaye alitoa albamu moja tu ya kantri mwaka 1970 kisha milango ikamfungia. Albamu nzima ni kesi inayofunguliwa dhidi ya mji. Mshtakiwa kumpigia kura mshtaki ni jambo gumu, uwe ni mji gani.

Dolly Parton, alipoulizwa juu ya sifuri ya CMA, alisema hadhani lilikuwa jambo la makusudi. Wapo wasanii waliotumia maisha yao yote katika kantri, na nafasi zilikuwa chache. Ni jibu la mtu mwenye busara na mwenye marafiki kila upande. Lakini kipimo cha kutumia maisha yote, tukimpima nacho Post Malone, hakimwachi hata na uteuzi mmoja. Mimi naona mambo mawili yalikwenda pamoja: njia aliyoichagua Beyoncé isingependwa hata angekuwa mzungu, na sababu ya kuichagua njia hiyo ni kwamba ile nyingine alishaijaribu mwaka 2016.

Ukuta ulijengwa na wauza sahani za santuri

Tuufikie sasa ubaguzi. Kantri ilipoanza kurekodiwa kwa wingi miaka ya 1920, wazungu maskini na weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wakipiga muziki unaofanana sana, kwa ala zile zile. Banjo yenyewe ilitokana na ala za Afrika Magharibi. A.P. Carter wa Carter Family, kundi lililorekodiwa Bristol mwaka 1927 na kuweka msingi wa kantri, alizunguka milimani kukusanya nyimbo akiwa na mpiga gitaa mweusi, Lesley Riddle. Jimmie Rodgers, mwasisi mwingine wa kantri aliyerekodiwa Bristol wiki hiyo hiyo, mwaka 1930 alirekodi na Louis Armstrong, mweusi, nyota wa jazz. Mmoja wa nyota wa mwanzo wa Opry alikuwa DeFord Bailey, mweusi, mpiga harmonika. Waliachana naye mwaka 1941.

Kampuni za sahani ndizo zilizotenganisha. Za wazungu wa mashambani ziliuzwa kwenye orodha moja, za weusi kwenye orodha nyingine iliyopewa jina la rangi yao waziwazi, hata pale wimbo ulipokuwa ni ule ule. Mgawanyo wa kibiashara ukageuka mgawanyo wa redio, kisha wa chati, kisha watu wakauchukua kuwa ni wa asili. Ray Charles, mwimbaji mweusi wa soul, alipotoa albamu yake ya nyimbo za kantri mwaka 1962, "I Can't Stop Loving You" ulikaa wiki 5 juu ya Hot 100 na haukuingia kabisa kwenye chati ya kantri. Charley Pride aliingia miaka michache baadaye, rekodi zake za kwanza zikipelekwa redioni bila picha yake. Alifika namba moja mara 29, akawa mburudishaji bora wa mwaka wa CMA mwaka 1971. Baada ya wimbo wake wa mwisho kufika kileleni mwaka 1983, hakuna mweusi mwingine aliyefika huko peke yake hadi Darius Rucker mwaka 2008. Miaka 25. Na Rucker alikuwa mhamiaji pia, kutoka bendi ya pop ya Hootie & the Blowfish; alikubali kuanza upya kama chipukizi, akazungukia redio moja baada ya nyingine.

Ukuta huo wa Marekani, sahani zenyewe hazikuujua. Za Jimmie Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Bonde la Ufa, na mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakiimba juu ya kiumbe aliyeitwa Chemirocha, jina la Jimmie Rodgers likiwa limekaa vizuri katika ulimi wao. Wao waliisikia sauti ya ajabu ikitoka kwenye santuri, wakaipa wimbo.

Wivu wa Nashville kwa wageni, lakini, umewagusa na wazungu. Mwaka 1974 CMA ilimpa Olivia Newton-John, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Australia, tuzo ya mwimbaji bora wa kike mbele ya Loretta Lynn na Dolly Parton. Wakongwe walikutana nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette, wakaunda chama chao cha kuilinda kantri dhidi ya pop. Mwaka uliofuata Charlie Rich, aliyepewa kazi ya kumtangaza mburudishaji bora, alifungua bahasha, akatoa kiberiti cha gesi na kuichoma karatasi mbele ya kamera huku akilitaja jina la mshindi, John Denver, aliyejulikana kwa folk na pop. Hadi leo watu wanabishana kama ilikuwa hasira au ulevi.

Shaboozey anaeleweka vizuri ukimweka karibu na Rucker. Wimbo wake ulisukumwa redioni kwa utaratibu wa kawaida, wiki baada ya wiki, na mwanamume mwenye wimbo wa pombe na uchovu wa kazi ni mgeni ambaye redio hizo zinamfahamu. Mlango kwa mwanamume mweusi anayefuata utaratibu umekuwa ukifunguka kidogo kidogo. Kwa mwanamke mweusi, ambaye hesabu ya nyanya na hesabu ya rangi vinamwangukia kwa pamoja, haujafunguka. Huko ndiko wanakosimama Adell, Spencer na wenzao, wasio na mamilioni ya mashabiki wa kuwabeba kwenye Hot Country Songs.

Juni 2025, miezi minne baada ya ushindi wa Cowboy Carter, Grammy zilitangaza kuigawa tuzo ya albamu ya kantri kuwa mbili, moja ya kantri ya jadi na nyingine ya kantri ya kisasa. Wapo waliosema pale pale kwamba ni jibu kwa Beyoncé. Waandaaji walieleza kuwa pendekezo lilikuwa limewahi kuletwa miaka ya nyuma, na kwamba aina nyingine za muziki zina mgawanyo kama huo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Kinachoonekana ni kwamba mgeni ajaye kutoka pop ametengewa chumba chake kwenye Grammy. CMA haijagawanya kitu, na Country Airplay inaendelea kuhesabu redio zile zile.